Kinywa Kilichomlea Bwana

Usafi wa mama mkwe wake Falonne unatisha: maji anachemsha, kikombe anasugua kwa majivu, nzi anamfukuza kama mwizi. Halafu anatafuna ugali wa fufu na samaki, anavitoa kinywani kwa kidole, anamlisha mjukuu anayetapika kila siku. Leo Falonne akajikaza.

“Mama, muganga wa hospitali alisema vidudu vya kuleta vidonda vya tumbo vinatoka kwa kinywa chetu, vinaingia kwa mutoto.”

Mama mkwe akacheka puani, mashavu yamejaa. “Kinywa hiki ndicho kilimulea bwana yako! Yeye iko na shida gani?”

Ndani ya nyumba, bwana akagumia: “Falonne, niletee ile dawa yangu ya vidonda vya tumbo.”

Taya za mama mkwe zikasimama. Mjukuu akaachama, akingoja. Kwa mara ya kwanza, bibi akameza mwenyewe.