Kambi Isiyo na Wageni

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya masika nilipowapandisha wanafunzi wanane hadi hifadhi ya Shimba kupiga kambi. Nilikuwa mwalimu mpya katika shule moja ya Mkongani, nimetoka chuoni na shahada ya mazingira. Msimu ule wageni huwa wamekwisha kwenda zao. Hata hoteli nyingine za Diani hufunga milango. Kambi tuliikuta tupu, nyasi zimefika kiunoni, nami nikafurahi. Nilitaka vijana wetu wajue kuwa msitu ule ni wao pia, wala si wa watalii pekee. Nia hiyo siijutii hata leo.

Tulifuatana na Bi. Mwanakombo, mzazi wa mwanafunzi mmoja, aliyejitolea kutupikia. Shamba lake lilipakana na hifadhi. Yeye na wasichana walipiga hema lao kando ya banda la jikoni. Mimi nikachagua pengine kwa ajili yangu na wavulana: ukanda mmoja uliokuwa mweupe katikati ya nyasi, mkavu, umeshindiliwa kama sakafu. Nilijisifu moyoni kwa jicho langu zuri.

Bi. Mwanakombo akaja, mwiko ungali mkononi. "Mwalimu, hapo ni njiani."

"Njia ya nani, mama? Msimu huu hakuna mgeni hata mmoja."

"Si ya wageni. Ni ya ndovu." Akanionyesha mti uliokuwa kando, gome lake limesuguliwa likang'aa, na tope limeganda juu kuliko kichwa changu. "Wewe kwenu Munje. Mtu akija akatandika jamvi pale mnapopandishia ngalawa, mtamwambiaje?"

"Tutamwambia aondoke."

"Haya, basi."

Ningaliondoka, mwanangu, lau tungalikuwa wawili. Lakini wanafunzi walikuwa wakisikiliza, na Juma, mcheshi wao, akauliza, "Mwalimu, ndovu akija tumwonyeshe shahada?" Wakaangua kicheko. Nikaona kuhama ni kushindwa. Nikasema kwa sauti kavu kwamba nimesomea mambo hayo miaka minne, na kwamba hema halihamishwi.

Bi. Mwanakombo hakubishana nami. Baada ya alasiri aliita tu, "Wanangu, wali umeiva! Huku jikoni, mimi sipelekei mtu sahani!" Wavulana wakakimbia. Nami nikawafuata, nikinung'unika kwamba chakula kingeweza kuletwa.

Hatujamaliza kula, nyasi zikafunguka. Walitoka ndovu majike na watoto wao, mmoja nyuma ya mwenzake, wakishika ule ukanda bila haraka. Wa mbele alisimama penye hema letu, akalinusa, kisha akalipitia. Vijiti vikavunjika, turubai likachanika chini ya miguu yake. Waliomfuata hawakulitazama hata mara moja. Hawakuwa na hasira. Walikuwa wakipita kwao.

Nilihesabu wavulana wangu. Nikawahesabu tena. Watano, wote wazima, na si kwa akili yangu.

Walipotoweka nikamwendea Bi. Mwanakombo. "Mama, nimekosa. Niwie radhi."

Akaendelea kukwangua sufuria. "Mimi ulinikosea nini? Waliokuwa walale mle ni hawa. Waambie hawa."

Maneno yale yalinichoma, kwa maana nilitarajia yaishe baina yetu. Nikageuka, nikawaambia wanafunzi wangu wote kwamba niliambiwa ukweli nikaukataa kwa sababu ya kuona haya, na kwamba kiburi changu kingewaua. Hakuna aliyecheka. Jioni ile wao wenyewe walimwomba mama yule awafundishe kusoma nyayo, nami nikaketi miongoni mwao na daftari langu, mwanafunzi wa tisa.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukifika mahali ukapakuta patupu, usidhani hapana wenyewe. Uliza nani hupita hapo, na umuulize anayelima jirani na anayeokota kuni. Elimu yako usiitupe, mwanangu. Nakuomba uisome hadi mwisho, ila usiifanye ukuta wa kujificha. Na ukiwakosea watu walio chini yako, waombe radhi wao wenyewe, usoni mwao, siku ile ile.

Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye adabu, auweke moyo wako tayari kusahihishwa, na awarejeshe salama makwao wote utakaokabidhiwa. Amina.