Fonti za Bwana Stoll

Usiku ule wa Jumatano nilikaa jikoni nikingoja ujumbe wa binti yangu Rike. Alikuwa bado kiwandani, akichapisha upya kitabu cha mashine, na alikuwa ameniahidi kwamba kikitoka sawa atanijulisha. Dengu zilishapoa kwenye sufuria. Mume wangu Eugen alikuwa amelala mbele ya televisheni, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nasikiliza, na si simu tu. Nilisikiliza pia ghorofa ya chini yetu, kwa Bwana Stoll, ambako taa ilikuwa inawaka na mtu anatembea. Hatua chache, kimya, hatua chache tena.

Mzee wa watu amestaafu, hana kazi asubuhi, hana mtoto wa kungoja. Halali kwa nini?

Simu ikaita kidogo. Rike aliandika: "Bado. Kalale mama." Sikulala.

Kiwanda cha mjini kwetu kinatengeneza mashine za kukandia unga wa mikate, zile kubwa zenye bakuli la kumtosha ndama. Kila mashine huondoka na kitabu chake cha maelekezo, katika lugha ya mnunuzi. Bila kitabu haiondoki. Kwa miaka mingi vitabu hivyo vilikuwa kazi ya Wendelin Stoll, jirani yetu huyohuyo. Alipostaafu mwishoni mwa Septemba, kiti chake alipewa Rike, kwa kipindi cha majaribio. Kipindi kinaisha mwezi huu wa Novemba. Akishindwa, anarudi kutafuta kazi, na kwa kazi yake hapa mjini hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Nimeelezwa mara nyingi jinsi kitabu kinavyotengenezwa, na nilichoelewa ni hiki. Maneno yote yamo kwenye faili moja refu la XML, bila umbo lolote. Kila kipande kina jina lake tu: hiki ni kichwa, hii ni hatua, hili ni onyo. Pembeni kuna faili jingine, kiolezo, na hilo ndilo linaloamrisha: kichwa kiwe kikubwa kiasi hiki, onyo likae ndani ya sanduku, fonti iwe fulani. Programu inasoma mafaili yote mawili na kutoa PDF. Hakuna anayegusa ukurasa kwa mkono. Ukurasa ukitoka vibaya huwezi kuusogeza kama picha iliyopinda ukutani. Lazima ujue nani aliamrisha nini.

Na kiolezo kile aliyekiandika ni Bwana Stoll.

Oktoba vitabu vya Kijerumani vilitoka na hakuna aliyelalamika. Kisha ikaja mashine ya kwenda Poland. Rike alileta nyumbani kurasa zilizochapishwa akazitandaza mezani, juu ya makombo ya mkate. Kwenye vichwa, zile herufi za Kipolandi zenye mikia na vistari zilikuwa zimegeuka alama za reli, kama za mitandaoni. Na sanduku la onyo lilikuwa limevuka ukingo wa karatasi.

"Onyo lenyewe linasema nini?" nilimuuliza.

"Usitie mkono kwenye bakuli wakati."

"Wakati gani?"

"Ndiyo hivyo, mama. Wakati gani iko nje ya karatasi." Alikuwa anatabasamu, lakini kwa kucha alikuwa anakwangua ukingo wa karatasi.

"Si ubadilishe fonti tu?" Eugen akasema. "Kompyuta imejaa fonti."

"Nimebadilisha, baba. Kila fonti ina upana wake. Nikiweka nyingine, maneno yanasukumana, na kilichokuwa ukurasa wa arobaini na moja kinahamia arobaini na nne. Na kwenye mashine kuna vibati vya chuma, vimeshapigwa ribiti, vinasema: tazama ukurasa wa arobaini na moja."

"Basi ng'oa vibati."

"Nenda kamwambie mkuu wangu hivyo, unisalimie."

Programu, inapofanya kazi, huacha orodha ndefu ya malalamiko yake. Rike aliyasoma yote, mstari kwa mstari, hata yale ambayo wenzake huyapuuza. Kati yake alikuta kwamba kiolezo kinaomba fonti iitwayo Tauber, programu haiioni, na kimyakimya inaweka nyingine, pana zaidi, isiyo na herufi za Kipolandi. Alimwendea fundi wa kompyuta wa kiwanda. Fundi akatafuta, akasema kiwanda hakijawahi kununua fonti ya jina hilo.

"Lakini vitabu vyote vya zamani vina Tauber," Rike alituambia. "Nimefungua PDF moja moja. Imo."

"Ilikuwepo, sasa haipo," nikasema. "Mtu kaichukua."

"Mama."

"Nani kaondoka mwezi Septemba?"

"Bibie," Eugen akasema, "wewe polisi walikukosa."

Acheke tu. Mimi nimeishi juu ya Bwana Stoll miaka kumi na tisa na kichwa chake nakijua kwa juu, upara wote. Akiwa kijana alianza kwenye kukereza vyuma, mashine ikamla ncha za vidole viwili, ndipo wakamweka ofisini aandike vitabu. Enzi hizo aliandika kwa taipu, akikata picha kwa mkasi na kubandika kwa gundi. Tangu hapo hawezi kuona karatasi akaiacha. Tangazo la takataka la mwenye nyumba lilipobandikwa mlangoni, alilibandua, akalichapa upya, akalirudisha, kwa sababu maneno yalikuwa yamesogea kushoto. Nikinunua mashine ya kufulia, ananiomba kitabu chake akisome, anakirudisha kesho yake na kusema, "Wamesahau kueleza bomba." Mkewe Hedwig alipofariki, kadi ya mazishi aliipanga mwenyewe. Ilikuwa nzuri, sikatai. Watu waliisoma mara mbili.

Mtu wa namna hiyo hasahau kitu. Akiacha shimo, ameliacha kwa makusudi. Ndivyo nilivyofikiri. Na siku yake ya mwisho kazini nilimwona kwa macho yangu akipanda ngazi na boksi ndani ya koti, amelikumbatia kama paka. Nilimsalimia, akaitikia bila kusimama. Tangu hapo, wiki yake ya zamu ya kufagia ngazi ikifika, anafagia alfajiri, kabla mtu hajatoka. Kwa nini mtu asiye na kosa afagie gizani?

Nilimwambia Bi Pfisterer wa duka la mikate. Nilimwambia yeye tu. Sikusema mwizi. Nilisema, "Kuna watu wakistaafu wanaondoka na zaidi ya saa ya ukutani waliyozawadiwa."

"Stoll?" akasema Bi Pfisterer, mkono wake umesimama juu ya bretzeli, ile mikate ya fundo.

"Sijataja jina."

Alhamisi, siku iliyofuata usiku ule wa jikoni, mkuu wa Rike alimwita. Akamwambia lori la Poland linapakia kesho mchana, na kuhusu majaribio wataongea baada ya hapo, "tukishajua tumesimama wapi." Rike alinipigia toka uani mwa kiwanda, upepo unavuma kwenye simu. Maneno hayo sikuyapenda. Mtu akitaka kukubakiza haongei habari ya kusimama.

Jioni ile nilivua aproni, nikashuka, nikabisha kwa Bwana Stoll.

Taa ilikuwa inaonekana chini ya mlango. Nikabisha tena.

"Bwana Stoll, najua upo."

Kitundu cha mlangoni kikaingia giza. Alikuwa amesimama pale, ubao tu kati yetu, ananitazama.

"Kama kuna kitu cha kiwanda humo ndani," nikasema, "ni afadhali kitoke leo. Binti yangu hajakukosea."

Nilikuwa nainua ngumi ya kubisha mara ya tatu, mlango wa mtaani ukafunguka na Rike akaja juu mbiombio, begi la kompyuta begani, kofia mkononi.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nabisha kwa jirani. Ni marufuku?"

"Sauti yako nimeisikia toka kwenye baiskeli." Akanisogeza pembeni kwa kiwiko, taratibu, kama anavyosogeza kiti. Kisha akauambia mlango, "Bwana Stoll, ni Rike wa juu. Nimepata kiolezo kinaitafuta Tauber wapi. Si kwenye folda ya kiwanda. Ni kwenye folda yako binafsi, na siku uliyoondoka folda hiyo ilifutwa. Kiwanda hakina risiti. Kwa hiyo nadhani ulinunua wewe, kwa pesa yako. Ndivyo?"

Nilimfinya mkono. Niliona anampa mtu njia ya kutokea.

Sauti ikaja toka ndani, kavu. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu. Na mama sasa hivi."

"Basi mji mzima unajua."

"Bwana Stoll!" nikasema.

"Bi Maisch, mimi bretzeli zangu nanunua palepale unaponunua wewe. Siku hizi nafungiwa kwenye karatasi bila kutazamwa usoni. Jumamosi mtoto wa Pfisterer kaniuliza kama ni kweli nimeiba mashine. Mashine! Ningeipitisha wapi?"

Rike hakunitazama.

"Kwa nini ulinunua?" akauliza.

"Kwa sababu waliniambia herufi ni herufi." Sauti ilikuwa imesogea karibu na ubao. "Niliomba mara mbili. Wakasema kompyuta inakuja na za bure. Lakini mwokaji anasoma kitabu saa tisa usiku, macho yana unga, ukurasa una mafuta. Zile za bure, tatu na nane huwezi kuzitofautisha. Tauber unazitofautisha. Na ni nyembamba, maonyo yanaenea. Nikanunua. Leseni ina jina langu, kwa kompyuta moja, matumizi ya mtu binafsi."

"Nawe ukaiweka kwenye seva ya kiwanda," Rike akasema.

"Nikaiweka. Miaka yote hiyo. Sasa unaelewa kwa nini sipigi kelele." Akakohoa. "Siku ya mwisho walinipa karatasi nitie sahihi kwamba sijaacha kitu changu binafsi kwenye kompyuta za kiwanda. Ningefanyaje? Nilitia sahihi, kwa hiyo nilifuta. Diski na karatasi zake nikaleta nyumbani."

"Kwenye boksi," nikasema.

"Kwenye boksi, ndiyo, Bi Maisch. Pamoja na kikombe changu."

Nitasema ukweli: hata hapo sikumwamini yote. Mtu anayefuta folda anajua kesho yake nini kitavunjika. Nikamwambia hivyo.

"Nilijua," akajibu. "Nilidhani wataniuliza. Wiki ya kwanza nilikaa na simu mapajani. Nikasema, wiki ya pili watauliza. Hakuna aliyeuliza. Na wewe hukuuliza, wewe ulitangaza."

Taa ya ngazi ikazimika. Rike akaiwasha tena kwa kubonyeza bila kugeuka.

"Nauliza mimi," akasema. "Nilipaswa kuuliza mapema, lakini niliogopa utaona siwezi kazi. Lori linapakia kesho mchana. Sitaki diski yako, Bwana Stoll, nisije nikakuingiza matatani. Tauber bado inauzwa, nimeangalia. Nikimshawishi mkuu ainunue kwa jina la kiwanda kesho asubuhi, kitabu kitatoka sawa?"

"Hapana."

Nilijua, nikajisemea. Nilijua.

"Inayouzwa leo ni toleo jipya," mzee akaendelea. "Herufi zake nene zimenenepa zaidi kidogo. Vichwa virefu vitakatika mstari, na onyo la bakuli litasukuma jedwali mpaka arobaini na mbili. Nimejaribu juzi na jana, nimenunua toleo hilo mwenyewe nilione. Mnafikiri nyie mkiongea huko juu dari ni chuma? Tangu wiki iliyopita nasikia arobaini na moja, arobaini na moja."

"Umejaribu kwa kitabu gani?"

"Kwa maneno ya kubuni, yenye urefu uleule. Vipimo ninavyo kichwani. Kuna sehemu tatu za kiolezo lazima ziguswe, na ile amri ya sanduku la onyo niliiandika vibaya tangu mwanzo. Haikuonekana kwa sababu fonti ilikuwa inanifichia kosa."

Rike akaegemeza paji la uso mlangoni. Sijui alikuwa anacheka au analia. "Mkuu akiniuliza kwa nini tununue?"

"Mwambie mtu atatia mkono." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Mwoneshe vidole vyangu, kama itabidi. Nitakuja mwenyewe asubuhi. Na habari ya leseni nitaieleza mimi, si wewe."

Mnyororo ukalia. Kitasa kikageuka, mlango ukafunguka upana wa mtu mmoja. Alikuwa amevaa sweta la Hedwig, lile la kijivu, na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye upara. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa amechoka, ndevu hazijanyolewa, na nyuma yake niliona meza ya chakula imefunikwa kurasa tupu zenye masanduku ya mistari.

"Kompyuta unayo?" akamuuliza Rike.

"Ninayo."

"Viatu uvue hapo."

Rike akavua, akaingia na soksi. Nami nikainua mguu.

"Wewe hapana, Bi Maisch," akasema, bila ukali, kama anavyosema mtu wa posta kwamba barua si yako.

Akafunga. Nilisikia ufunguo ukizunguka, kiti kikivutwa, kisha binti yangu akisema "wapi?" na mzee akijibu "hapo, mstari wa juu." Nilibaki nje na jozi ya viatu vya Rike.