Aliyekata Zizi la Jirani

Mwenzangu wa benchi la nyuma kanisani kwetu Lemara amefariki. Habari nilipewa na mwendesha bodaboda aliyekuwa akimbebea mitambo yake, kabla hata ukoo haujanipigia simu. Nasema mwenzangu, si rafiki, maana kazi yetu ilikuwa kubishana baada ya ibada, basi. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mzaliwa wa vilima vya Meru, na mpangaji wa Sombetini karibu maisha yake yote. Kihamba cha baba yao, shamba la ukoo lenye kahawa na migomba, kilibaki kwa mdogo wake, kitinda mimba, na kama kingegawanywa tena, kila mmoja angebaki na uwanja wa kuanikia nguo. Hakulalamika. Ila siku moja, tukitoka msibani, aliniambia, "Nikizikwa kwa mdogo wangu, nitakuwa mgeni mpaka Yesu arudi."

Ndiyo maana kiinua mgongo chake kilikwenda kwenye kipande cha miiba mitupu huko chini, magharibi ya mlima, ambako hakuna hata nguzo moja ya umeme. Nilimcheka, tena sana. Nilitegemea angeajiri vijana wenye mapanga. Yeye akanunua paneli za sola za kukunja, betri kubwa yenye mpini, na msumeno wa umeme. Asubuhi bodaboda ilimpeleka na mzigo wake, jioni ikamrudisha nao, kwa sababu ukiviacha porini huvikuti. Alitandaza paneli juani, akakata migunga mpaka betri ikaisha, kisha akakaa kunywa chai huku ikijaa. Meru ikijifunika mawingu, alishika sururu na kung'oa visiki polepole, kwa mgongo ule ulioharibiwa na usukani. Shoka lingemuua mapema. Nilikwenda kumtembelea nikamkuta amekaa kivulini, msumeno miguuni, anaangalia eneo aliloliweka wazi. Alikuwa na furaha ya mtoto, nami nikaacha kumcheka.

Lakini msumeno ule haukuwa na kelele, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Zamani mtu akifyeka pori, shoka lilisikika mbali, na majirani walikuja kuuliza, wewe nani, mbona unafyeka? Yeye alifyeka kimya kimya, wala hakwenda kubisha hodi kwa mtu. Asubuhi moja akafika mpakani, akakuta matawi makavu ya miiba yamerundikwa. Sisi watu wa mlimani mpaka tunaujua kwa masale, mimea mibichi iliyosimama kwa mstari; matawi makavu kwetu ni takataka. Akayakatakata yote. Kumbe lilikuwa zizi la jirani yake, bibi mmoja wa Kiarusha, na mbuzi walikuwa malishoni. Bibi aliporudi nao, yule bwana akakimbilia heshima: "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa niambie, mbuzi zangu zinalala wapi leo? Kitandani kwako?"

Alitukanwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipoisha akatukanwa kwa Kimaa, lugha ya kwao bibi. Akaomba radhi, akakata miiba mipya, akajenga zizi upya kabla fisi hawajaanza kuzunguka, bibi amesimama juu yake: "Shina nje? Ujinga gani huo! Shina ndani, miiba nje!" Tangu siku hiyo simu ya bibi ilichajiwa kwa sola, na maziwa yalikuja kwenye chupa ya chai. Matusi nayo hayakukoma.

Ukoo ulikaa nyumbani kwa mdogo wake kupanga mazishi. Wazee walisema hawazikii mtu porini, tena mahali penye msingi tu wa nyumba. Mdogo wake alilia waziwazi. Hakutaka kaka yake alale mbali. Niliwaambia nilichosikia kwa marehemu. Mzee mmoja akaniuliza, "Huko nani anamjua?" Ndipo bibi yule, aliyepanda mlima kwa bodaboda na shuka lake begani, akasimama. "Mimi namjua. Alinikatia zizi." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Nilimtukana, akajenga upya. Mgeni angekimbia. Yeye alirudi kesho yake. Mleteni. Kaburi lake nitalizungushia miiba mwenyewe, mbuzi zangu zisilikanyage." Mdogo wake akajifuta uso, akasema, "Basi. Tumpeleke kwake."

Tulimzika huko. Kipaza sauti cha mchungaji kiliendeshwa na betri ya marehemu. Wiki iliyofuata nilipita pale. Uzio wa kaburi ulikuwa umekamilika, shina ndani, miiba nje.

Ardhi ya mlimani imejaa, na wengi wetu, kuanzia Kimandolu mpaka Sombetini, sasa tunanunua maeneo makavu huko chini. Wasomaji wa safu hii hunisimamisha wakiuliza wanunue betri gani. Ndugu zangu, mimi sijui. Najua tu kwamba jua litakusaidia kukata miti, lakini halitakutambulisha kwa jirani. Nenda ukabishe hodi kwanza, hata kama utaishia kutukanwa. Iko siku watu watakaa kuulizana nani anakujua, na wewe hutakuwepo kujibu.