Godoro la Mama Mkwe

Pale kwenye kiwanda cha ngozi walimwita Bwana Manyoya, na jina likamkaa kama kofia. Kazi yake kwa miaka ishirini na minne ilikuwa moja tu: ngozi zikitoka kwenye mapipa ya chokaa wenzake wanazikwangua, manyoya yanaanguka, naye anayaondoa yasionekane. Aliyafukia, akayachoma mpaka majirani wakaja juu, na mengine akayagawa kwa yeyote mwenye mkono wa kupokea. Nguo zake zilinuka, mfuko wake ulinuka, hata kwenye ibada watu walimwachia benchi zima. Yeye alimshukuru Mungu, maana alikuwa na miguu mirefu.

Siku moja akaletwa mkemia, dada mwenye miwani na daftari lisilotoka mkononi.

"Mzee wangu, wewe unatupa mali," akamwambia.

Akamweleza kwamba ndani ya unywele, kama ilivyo kwenye kucha na kwato, mna protini iitwayo keratini. Ukichemsha manyoya kwa magadi makali ya kiwandani yanayeyuka, yanakuwa supu. Ukiichuja hiyo supu na kuitia tindikali kidogo kidogo, keratini inajitenga na kutuama chini kama maziwa yaliyokatika. Ikikaushwa, watengenezaji wa mafuta ya nywele wanaigombania.

"Yaani manyoya ya ng'ombe yarudi kichwani kwa mtu?"

"Ndiyo, baba."

"Na ng'ombe ameridhia?"

Mapipa mawili ya kwanza yaliharibika. Manyoya mabichi yalikuwa na chokaa na mafuta tele. Supu ikafura, ikamwagika, ikamlia mkemia kiatu kimoja. Meneja akaja ameziba pua kwa tai yake. Akasema wakuu wanakuja Ijumaa. Wakiiona keratini, kitengo cha manyoya kinabaki. Wasipoiona, manyoya yatazolewa na lori, na Bwana Manyoya atakwenda kupumzika nyumbani. Hilo neno "kupumzika" alilitamka kwa upole sana, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

Hiyo ilikuwa Jumatano.

"Ningepata magunia mawili tu ya manyoya makavu, safi, yasiyo na chokaa," mkemia akasema, karibu alie.

Bwana Manyoya akajikuna kichwa, akakumbuka, halafu akatamani asingekumbuka.

Yalikuwapo. Miaka ishirini na miwili nyuma, alipokuwa anachumbia, aliosha manyoya mara saba, akayaanika siku tisa, akamshonea mama mkwe godoro. Mama yule akalitazama, akalibonyeza kwa kidole, akasema, "Wenzio huleta ng'ombe. Wewe umeniletea koti lake." Lakini akalilalia, na tangu hapo hakulala pengine. Hata akienda kumtembelea dada yake, godoro lilitangulia.

Alasiri ile Bwana Manyoya alimwomba mkewe amsindikize ng'ambo ya ua, kwa mama yake.

"Usiniingize," mkewe akasema. "Mimi bado nataka kupita mlango ule."

Akaenda peke yake. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya godoro anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama mbali?"

"Nimesimama upande ambao upepo hauji kwako, mama."

"Umefanya jambo jema. Haya, sema."

"Mama, lile godoro... kiwanda kinalihitaji."

Maharage yakaacha kulia kwenye ungo.

"Ulinipa au uliniazima?"

"Nilikupa, mama."

"Basi mbwa ana nafuu. Yeye hurudia matapishi yake, lakini hamwinui mtu kitandani."

"Mama, nisipolipata nafukuzwa kazi."

"Pole. Na ukifukuzwa utashinda wapi?"

"Hapo hapo nyumbani, mama. Ng'ambo ya ua."

Mama mkwe akatazama dirisha. Upepo ulikuwa unavuma vizuri tu, kutoka ng'ambo kuja kwake.

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa, mama."

"Chukua godoro," akasema. "Ila mimi sishuki mpaka nilione linaingia sufuriani."

Ndiyo maana asubuhi ya Ijumaa mkokoteni ulipita barabara kuu na godoro juu yake, na juu ya godoro mama mkwe, na mwavuli na kitabu chake cha sala.

"Mama, unaumwa?" watu wakauliza.

"Siumwi. Napelekwa kuchemshwa."

Kiwandani godoro likapasuliwa. Manyoya yakatoka mepesi, makavu, hayana hata chembe ya chokaa. Pipa likachemka kwa adabu. Tindikali ilipoingia, keratini ikatua chini nyeupe kama unga, na wakuu wakapiga makofi huku wameziba pua, jambo ambalo si rahisi.

Mkemia akafungua daftari. "Manyoya haya yaliandaliwaje?"

"Niliyaosha mara..." Bwana Manyoya akaanza.

"Kuosha kila mtu anaosha," mkuu mmoja akamkata. "Baada ya hapo?"

"Yakalaliwa," mama mkwe akasema.

Kalamu ikakimbia. Sayansi, mkemia akaeleza, haibahatishi. Jambo likifaulu linarudiwa vilevile. Mama alilala kwa saa ngapi? Nane kila usiku, ubavu wa kulia. Na kabla ya kulala? Alisali. Alikoroma?

Wote wakamgeukia mkwe wa ng'ambo ya ua. Akatazama viatu vyake.

"Andika kidogo," mama mkwe akasema.

Hivyo kitengo kikabaki na mama mkwe akaajiriwa. Alipewa koti jeupe, chumba nyuma ya stoo, na cheo cha Mtayarishaji Mkuu. Bwana Manyoya akawa chini yake: anaosha mara saba, anaanika siku tisa, anashindilia godoro jipya, anabisha hodi.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Kuna uvimbe huku begani, utoe."

Kwamba siri ilikuwa kwenye yale maji saba ya kuoshea, hakumwambia mtu tena. Mungu anajua, na kazi ipo.

Mwezi haukuisha, mama mkwe naye akaanza kunuka. Siku ya ibada alipoketi, watu wa kulia wakasogea, wa kushoto wakakumbuka jamaa zao wa nyuma. Akageuka, akamwona mkwewe peke yake kwenye benchi lake refu. Akainuka na kitabu chake, akaenda kuketi hapo, kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake.

"Kunja miguu, mwanangu," akamnong'oneza. "Sasa tuko wawili."