Wote Walikaa Kulia Kwake

Ndugu yangu mdogo aliposhtakiwa kuiba cherehani ya jirani hapa Kayole, kilichoniudhi ni kwamba hakuwa ameiba. Angekuwa ameiba tungejua pa kuanzia. Jumapili ilipoibwa, alikuwa kutwa kwenye matanga ya mjomba wetu. Mimi sikuwapo, nilikuwa nikitafuta lori la kupeleka mwili nyumbani magharibi.

Wakili nilibishana naye bei hadi chai yake ikapoa. Hakupunguza. Alinipa tu ushauri wa bure: "Tafuta mashahidi wawili." Cha bure hakiachwi, nikaleta watano.

Jioni tatu nikawafanyisha mazoezi chumbani kwangu.

"Mshtakiwa alikaa wapi?"

"Kushoto kwangu, benchi la mbele, tumegusana mabega."

Aliyeongeza neno nilimrudisha mwanzo. Kufikia jioni ya tatu walikuwa wanajibu kama katekisimu, nami nikajiona nimempita yule wakili.

Kortini, shahidi hungoja nje asisikie wenzake. Wa kwanza akaingia: kushoto kwangu, tumegusana mabega. Wa pili, vivyo hivyo. Kwa wa tatu, kiongozi wa mashtaka alianza kutabasamu. Wa nne alipomaliza nilihesabu, nikahesabu tena: watu wanne kulia kwa mtu mmoja, kila mmoja kamgusa bega.

Hakimu akainua kalamu. "Mshtakiwa, hilo benchi lilikuwa la ghorofa ngapi?"

Korti ikacheka. Ndugu yangu, aliyejitetea mwenyewe, alinitazama kama mtu anayeiona jela kwa macho. Akabaki na shahidi mmoja, shangazi yetu. Naye alikuwa amefanya mazoezi, lakini alikuwa amesimama juani tangu asubuhi na hasira zimempanda.

"Shangazi, siku ya matanga nilikaa kushoto kwako?"

"Kushoto gani? Si ulilala nyuma ya sufuria, mdomo wazi! Mchungaji anaomba, wewe unakoroma. Nikakumwagia maji. Ukaamka, ukaulizia nyama. Kwa msiba wa mjomba wako! Ukala, ukalala tena mpaka jua likazama."

Kiongozi wa mashtaka akaruka. "Mama, wenzako wote wamesema alikaa benchi la mbele!"

"Hao walifundishwa na yule pale." Kidole kikanielekea.

Hakimu akaniambia nisimame. Akanitazama kichwani hadi viatuni, akaniambia nikae. Sijawahi kukaa haraka vile.

Wiki mbili baadaye alisoma hukumu: mashahidi wanne hakuwaamini hata kidogo, shangazi alimwamini kabisa. Ndugu yangu akaachiliwa. Nje alimkumbatia shangazi. Mimi alinipa ncha za vidole.

Wale wanne walinizunguka, wakitaka kujua walikosea wapi. Nikawaambia hawakukosea hata neno, na hilo nusura limfunge.

"Sawa, bro," mmoja akasema. "Kesi ingine ikitokea tuite mapema, tufanye mazoezi ya kutosha."