Alhamisi za Ceferina Brítez

Ceferina Brítez alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na hakuwahi kuwa na biashara yake mwenyewe, ingawa za watu wengine thelathini na ushee zilikuwa zimepita mikononi mwake. Kazi yake ilikuwa kuwafuata watengenezaji wadogo vijijini: mrina asali, msuka mifagio, mama anayepika jibini uani kwake. Alikaa nao, akatazama wanavyofanya kazi, akawaonyesha panapovuja na lilipo soko. Shirika lililomwajiri lilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: biashara ikishasimama, mshauri haendi tena. Alilitii sharti hilo kwa miaka kumi na saba. Ndiyo maana alijua majina ya watoto wa watu wengi ambao hawakuwa na sababu ya kumpigia simu.

Aliishi katika mji wa Coronel Oviedo, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Aliwahi kuposwa. Mchumba akaenda Buenos Aires kwenye kazi za ujenzi, akawa anaandika, kisha akawa haandiki. Hawakugombana. Ukimya ulirefuka tu, mpaka siku moja Ceferina akagundua kwamba hakuwa akisubiri tena.

Kazi hii aliipenda kwa sababu ya mama yake. Mama alikuwa akipika sabuni nyeupe ya nazi, na mtaa mzima ulifulia sabuni hiyo. Ceferina alipokuwa na miaka kumi na miwili, alikuja tajiri mmoja na lori, akaagiza sabuni ya kujaza lori zima. Mama akawaacha wateja wake wa kila siku, akapika wiki sita mfululizo. Lori halikurudi. Sabuni ilirundikana sebuleni hadi ikapasuka-pasuka kama ardhi ya kiangazi, na mama hakuliinjika tena lile sufuria. Ceferina alikua akijiuliza ingekuwaje kama angekuwepo mtu wa kukaa na mama yake kwanza, wakalizungumza jambo lile.

Basi huko kijijini Potrero Guaviyu akamkuta Ña Deolinda, yaani Bi Deolinda kwa lugha ya huko, mjane wa miaka sitini na kitu, mchoma chipa, mikate ya muhogo na jibini. Unga wake wa muhogo aliusaga mwenyewe, jibini hakuibania, na mikate yake ya duara ilitoka kwenye tanuri la udongo ikiwa na ngozi ya dhahabu. Lakini nusu ya kila mpiko iliungua, kwa kuwa tanuri lilikuwa na ufa, na wauzaji wake walifika barabarani mabasi ya asubuhi yakiwa yameshapita. Ceferina akaja kila Alhamisi. Tanuri likajengwa upya, likaongezwa la pili. Wakwe wawili wakapangiwa zamu. Vikapu vikawa vinafika barabarani kabla ya basi la kwanza.

Kazi ikiisha, saa nne, Ña Deolinda alileta terere, chai baridi ya huko: maji ya barafu na pembe ya ng'ombe iliyojaa majani, wakaketi kivulini wakipokezana.

"Kunywa, mwanangu. Mbona unashika hiyo pembe kama kipaza sauti? Unahutubia nani?"

"Nakusubiri umalize habari ya dada yako, Ña Deolinda."

"Ile haimaliziki. Dada yangu mwenyewe haijui mwisho wake."

Hapo Ceferina alicheka. Kwa wiki nzima hapakuwa na mahali pengine alipocheka.

Mwaka wa pili, Alhamisi moja, Wilfrido, mwana pekee wa kiume wa Ña Deolinda, aliingia uani na pikipiki yake akipiga honi. Supamaketi moja ya mji mkuu, Asunción, ilitaka chipa mbichi, iliyogandishwa, kila wiki, mifuko mia tano kwa kuanzia.

"Mama, hii ndiyo! Mwambie, Mwalimu Ceferina. Mwambie hii ndiyo!"

Ceferina aliweka pembe chini. "Usikubali, Ña Deolinda," alisema. Akaeleza: umeme wa kijijini hukatika, friza ni moja na ni kuukuu, jibini ya majirani haitoshi. Akaeleza na habari ya sabuni ya mama yake. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake.

Ña Deolinda aliiokota pembe, akaijaza maji. "Basi. Mwalimu kasema."

"Mwalimu anaogopa mpaka friza!" Wilfrido alifoka. "Tutabaki kukimbizana na mabasi mpaka tuzikwe na vikapu!" Akaondoka, vumbi jekundu likabaki limening'inia uani.

Kwenye basi la kurudi mjini Ceferina alijikuta anaimba chini kwa chini. Akajishangaa. Anafurahia nini? Hakulipata jibu hadi Jumapili, alipokuwa anapiga pasi blauzi yake ya kazini. Mrina asali mmoja aliwahi kuletewa agizo kama lile, tena katika hali mbaya zaidi, na Ceferina alimuuliza swali alilowauliza wote: kitakosekana nini, na tukipate wapi? Swali hilo hakumuuliza Ña Deolinda. Mifuko mia tano ingeisimamisha biashara ile kabisa. Faili lingefungwa. Alhamisi zingekwisha.

Alizima pasi, akaketi kitandani. Alimtumia mama yake, aliyekwisha kufa, kama kisingizio. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Jumatatu alipiga simu kutwa. Jumanne akapanda basi.

"Leo Jumanne," Ña Deolinda alisema, mikono imejaa unga. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nilikushauri vibaya."

"Umeme haukatiki?"

"Unakatika. Lakini jenereta inapatikana, na wauza jibini wa bonde la pili wako tayari kuleta. Nilijua vinapatikana. Sikutaka kuvitafuta. Biashara yako ikikua, mimi siji tena. Niliogopa hilo, Ña Deolinda. Sikuwa nafikiria chipa."

Ña Deolinda alijifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Unadhani mimi nilikubali upesi vile kwa nini?" alisema. "Naogopa friza? Nina mwana, nina wakwe, nina wajukuu wanaopita hapa kama kuku. Nikianza kusimulia, kila mtu anakumbuka ana kazi. Wewe ulikuwa unasubiri mwisho."

Tanurini kuni zilikuwa zinapasuka.

"Mwite Wilfrido," Ceferina alisema hatimaye. "Supamaketi bado hawajampa mtu mwingine. Nimeuliza."

Wilfrido alipofika hakusema asante. Alivuta kiti, akasema, "Haya Mwalimu, tuanzie wapi?" na Ceferina akaona hiyo inatosha.

Ilichukua miezi minane. Jenereta ikaja, friza tatu zikaja, banda la matofali likajengwa kando ya barabara kuu, na wanawake kumi na mmoja wa Potrero Guaviyu wakavaa kofia nyeupe. Siku faili lilipofungwa mkuu wa ofisi alimpongeza Ceferina mbele ya wote. Alhamisi ya mwisho Ña Deolinda alikuwa na wageni kutoka Asunción. Alimshika mkono mlangoni, akasema "mwanangu" mara mbili, kisha akaitwa ndani. Walipigiana simu kwa muda. Lakini Ña Deolinda hakuwa mtu wa simu. Habari zake zilihitaji kivuli na asubuhi nzima.

Ceferina akapelekwa kaskazini zaidi, kwa mzee anayetengeneza viti vya ngozi, asiyependa kuongea.

Siku moja, katika supamaketi ya Coronel Oviedo, aliuona mfuko ndani ya friza, umeandikwa jina la Ña Deolinda kwa herufi nyekundu. Aliununua bila kufikiri. Alipofika chumbani akakumbuka kwamba hana tanuri, ana jiko la gesi la sahani moja tu. Akaziweka chipa nne kwenye kikaango, akafunika. Ziliungua nje, zikabaki mbichi ndani. Akazila hivyo hivyo, zote nne, amesimama, zikiwa bado za moto.