Machipukizi ya Mlimau

Wakati wa vita vya Maji Maji, askari wa Mdachi walikichoma kijiji chetu cha Ngorongo, mashamba na maghala. Baba hakurudi tena. Tulipotoka porini tulikojificha, mama aliukimbilia mchungwa ambao baba aliubebesha mwenyewe, kwa kufunga kitawi cha mchungwa juu ya shina changa la mlimau. Moto ulikuwa umeacha kisiki tu, nacho kilikuwa kimechipua.

"Baba yenu ametuachia kitu," mama akasema, machozi yakimtoka.

Nikachuma jani, nikalinusa. Machipukizi yote yalitoka chini ya kiungo, pale baba alipokifunga kitawi, na yalikuwa na miiba.

"Mama, huu ni mlimau. Mchungwa umekufa."

Akaketi majivuni. Tulimwita aje ale viazi mwitu tulivyochimba porini. Alibaki pale, amekishika kisiki.